Alama ya Marehemu Lyamba

Hapa Shanwe, mtaani kwetu Mpanda, wananiita Mama Puto nikiwa nawatazama, na nikishapita wananiita roho mbaya. Waseme tu, midomo ni yao. Mimi nimejaza gesi maputo ya kituo cha hali ya hewa tangu mwaka themanini na tatu, wakati hao wasomi wanaokuja na tai zao walikuwa bado wanafutwa kamasi na mama zao. Sitaki mtu anifundishe leo habari za roho.

Kituo chenyewe kipo nyuma ya uwanja wa ndege wa Mpanda. Zamani tulikuwa tunarusha maputo ya hali ya hewa tu. Miaka ya tisini ndipo akaja Séverine, Mbelgiji mmoja mwembamba, mkali, asiyecheka kabla ya saa sita mchana, na mpango wake wa wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza vipimo vyao kwa mikono yao wenyewe, wanavifunga kwenye boksi, na sisi tunalipandisha boksi kwa puto kubwa mpaka kilomita thelathini juu, kule ambako hewa imekwisha na anga ni nyeusi mchana kweupe. Puto likipasuka huko, boksi linashuka na mwavuli wake, tunalifuata porini na Landrova. Wao waliita utafiti wa anga za juu. Mimi niliita kufukuza boksi.

Kila mwaka mpango ulileta mhitimu mmoja kwa mafunzo ya kazi. Alikaa mwaka mzima akiwasaidia wanafunzi: kuunganisha waya zao, kupima mabetri yao, kufunga boksi lao, kulitafuta likianguka. Na huyo mhitimu alifundishwa na nani? Na mimi hapa, Skolastika Lyamba, mtu wa kidato cha nne. Kwa hesabu nilikuwa nawaburuza wavulana wote darasani, lakini baba yangu alisema shule inatosha, zamu ya wadogo zako wa kiume sasa. Wadogo wenyewe, Obadia na Nashon, wala hawakumaliza. Basi nikawa wa kuwafundisha watoto wa wenzangu. Nilifundisha watatu. Wote wakaondoka na barua nzuri, mmoja akanitumia kadi ya Krismasi.

Wa nne alikuwa Manyanda. Alishuka kwenye treni ya Tabora mwezi wa kwanza mwaka tisini na saba, mrefu kama nguzo ya simu, begi moja na redio mbovu aliyokuwa anaitengeneza njiani. Msukuma wa Kasansa. Baba yake, mzee Malale, alihamia kule Mpimbwe na ng'ombe wake kutoka Meatu wakati kijana yuko darasa la tatu. Katika ukoo wao wote hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu, yeye alikuwa wa kwanza, na alilisema hilo kwa aibu, siyo kwa maringo.

"Dada Skola," akaniambia siku ya kwanza, "mimi najua vitabu tu. Mikono yangu haijui kitu. Nifundishe."

Hao wengine hawakuwahi kusema hivyo. Nikamfundisha, nawaambia ukweli, kwa moyo mweupe. Nikamwonyesha jinsi ya kulilaza puto juu ya shuka safi, kulishika kwa glavu za pamba, kwa sababu ukucha mmoja tu au jasho la kiganja linatosha kulipasua likifika juu. Nikamfundisha kusoma upepo kwa moshi wa majiko ya mtaani. Nikamfundisha fundo langu la kufungia shingo ya puto, ambalo nililibuni mwenyewe baada ya kupoteza maputo sita. Fundo hilo halikazi likafungwa moja kwa moja, wala halilegei, na ukivuta mkia wake linafunguka lenyewe.

Wanafunzi walikuja mwezi wa nne, watano, kiongozi wao msichana anaitwa Glory. Boksi lao lilikuwa la kuhesabu mionzi inayotoka mbali kuliko jua, na ndiyo kazi yao ya kumalizia shahada. Manyanda aliwashughulikia kama kuku na vifaranga. Betri zilikuwa zinakufa kwa baridi, basi akaenda mnadani akanunua sweta la mtoto la mitumba, akazivalisha. Kupima kama sweta linafaa, akaomba friji kubwa la parokia. Paroko akakuta boksi la anga za juu limelala kwenye barafu katikati ya nyama yake ya nguruwe, akapiga ishara ya msalaba. Tulicheka siku hiyo mpaka Séverine naye akacheka, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Siku moja naingia karakana nikakuta amewakusanya wale wanafunzi, anawafundisha fundo langu. Wamejaribu, wameweza, wanashangilia. Glory akasema, "Hili tutaliita fundo la Manyanda!" Wakapiga makofi.

Manyanda akaniona mlangoni. Akacheka kidogo, kama mtu aliyekutwa anaonja mboga jikoni. Sentensi moja tu ingetosha: hili ni la dada Skola. Hakuisema. Na kwenye ripoti waliyoipeleka Dar wakalichora fundo, wakaliandika jina lake, na mimi nikaandikwa chini kabisa, baada ya dereva na mlinzi: kibarua wa gesi.

Mtasema jambo dogo. Ni dogo kwenu. Mimi nililishika, na sikuliachia tena.

Mwezi wa sita tukarusha boksi la kwanza. Lilianguka kijiji kimoja upande wa ziwani, na vita ya ng'ambo ya ziwa ilikuwa haijapoa masikioni mwa watu. Waliona kitu cheupe kinashuka na mwavuli, kinalia pii pii. Bomu! Wakalichoma moto kutoka mbali kwa mishale yenye matambara ya mafuta ya taa. Tulipofika tulikuta majivu na nusu ya sweta.

Séverine akatuita ofisini, mimi na Manyanda. Alikuwa na barua ya wafadhili mkononi.

"Mwakani nitabaki na mtaalamu mmoja wa kudumu hapa," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Lipo boksi la pili. Tunarusha mwezi wa kumi. Likirudi na data, Manyanda, nasaini ajira yako siku hiyo hiyo, na wewe unaendesha mpango wa wanafunzi. Lisiporudi, mpango wa wanafunzi unakufa. Kituo kinarudi kwenye maputo ya hali ya hewa, na Skolastika anakiendesha."

Manyanda akasema, "Litarudi." Mimi nikasema, "Inshallah," na mimi ni Mkatoliki.

Tangu siku hiyo kijana alibadilika. Alikonda. Alikuwa ameshaandika nyumbani kwamba atapata kazi, na baba yake ameshawatangazia Wasukuma wote wa Kasansa kwamba mwanawe atakuwa mkubwa wa kurusha vitu mbinguni. Akaniambia mwenyewe, tukiwa tunakula mihogo: "Dada, nikirudi mikono mitupu, mzee atazikwa akiwa hai."

Kisha ikamjia akili. Na akili yenyewe ilikuwa nzuri, ndiyo maana iliniudhi.

"Huko Ugalla kwenu," akasema, "upepo wa mwezi wa kumi unaelekea huko. Nimesikia watu wa kule wakiona mzinga juu ya mti una alama ya mwenyewe, hawaugusi. Kweli?"

"Kweli."

"Basi tukilichora boksi alama ya kwenu, hawatalichoma. Watalilinda. Halafu tukienda kuuliza, watatuonyesha. Nipe alama moja, dada."

Lazima niwaeleze mambo ya kwetu, msije mkapotea. Sisi Wakonongo wa Ugalla ni watu wa asali. Kila mzee ana alama yake, anaichonga kwenye mzinga na kwenye gome la mti anaoutundika. Chenye alama kina mwenyewe, huwezi kukishusha hata ukiwa na njaa ya siku tatu. Ila kuna alama za aina mbili. Alama ya mtu aliye hai, ukiulizwa unaonyesha: mzinga wa fulani ule pale. Alama ya marehemu ambaye mirathi yake haijagawanywa ni habari nyingine kabisa. Hiyo haiguswi, haionyeshwi mgeni, wala haitajwi. Ukiulizwa unasema sijaona. Anayepanda mti wa marehemu kabla ya mirathi anahesabiwa amemwibia maiti, na anayechora alama ya marehemu kwenye kitu chake ni mbaya kuliko huyo, maana amemtumia maiti kama mlinzi wake.

Baba yangu, Lyamba, alikufa mwezi wa pili mwaka huo. Aliacha mizinga zaidi ya mia. Obadia na Nashon waligombana siku ya arobaini mpaka wakashikana mashati, na mirathi ikakaa. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, neno la mwisho ni langu, na nilikuwa sijalisema.

Manyanda alikuwa amenikodolea macho, kalamu mkononi.

Ningeweza kumpa alama ya mzee Celestin, mkubwa wa warina asali, mtu hai, mkarimu. Hiyo ndiyo iliyonijia kwanza kichwani, nawaapia. Kisha nikakumbuka makofi ya wale wanafunzi. Nikaichukua ile kalamu, nikachora juu ya meza: mistari mitatu imesimama, na chini yake duara lenye mdomo wazi.

"Hii," nikasema. "Hii hakuna atakayeigusa."

"Ya nani?"

"Ya ukoo wetu."

Akanishukuru mpaka nikaona kero. Akaichora kwa rangi nyeusi pande zote sita za boksi, kubwa kubwa, mwandiko mzuri kuliko wa baba mwenyewe.

Tulirusha tarehe kumi na nne mwezi wa kumi, asubuhi, hali shwari. Glory alilia puto lilipoachia. Manyanda alikaa na antena mikononi masaa matatu, anaigeuza kufuata ile pii pii, anamtajia dereva mwelekeo aandike. Ikaenda kaskazini mashariki, ikashuka, ikazimika ndani ya misitu ya Ugalla. Akakunja ramani mbio. "Kwenu, dada! Limeenda kwenu kabisa!"

Kesho yake tukaenda, yeye, mimi, Glory na dereva. Mvua za Elinino zilikuwa zimeanza, Landrova ikazama mara nne. Kijijini wakatukusanyia watu. Manyanda akasimama akaongea vizuri, kwa heshima: boksi jeupe, si bomu, ni kazi ya wanafunzi, lina alama hii. Akainua karatasi yenye alama. Wazee wengine Kiswahili chao ni cha shida, kwa hiyo akaniomba nitafsiri kwa Kikonongo. Nikatafsiri neno kwa neno, sikuongeza wala kupunguza. Hapakuwa na haja.

Watu wote wakaangalia chini. Mwanamke mmoja akafunika mtoto wake macho ile karatasi ilipopita.

"Hatujaona," akasema mzee Celestin.

"Hatujaona," wakasema wote.

Manyanda alinigeukia. "Dada, mbona kama wanaogopa?"

"Wanakuogopa wewe," nikamwambia. "Msukuma akija wanajua ng'ombe wanafuata."

Hilo lilimuuma, nililiona likiingia. Na lilikuwa uongo nusu tu, maana ni kweli watu wetu waliwalalamikia wafugaji kukata miti. Akaikunja karatasi yake.

Wenzangu wakiwa wanasukuma gari, Celestin akanivuta pembeni, nyuma ya ghala la asali.

"Binti Lyamba, pole na mzee. Kuna kitu cheupe mtoni huko, juu ya mninga mkubwa, kina alama ya baba yako. Vijana wamekiona tangu jana. Tukishushe au tukiache?"

Angalieni sasa. Neno moja. Kishusheni. Gari liko pale, kijana yuko pale na matope mpaka magotini.

"Mirathi haijagawanywa, baba," nikasema. "Mnataka nivunje mwiko mimi mtoto wake? Kiacheni."

"Umesema vyema," akasema mzee, na akanishika mkono kwa heshima.

Tukarudi mara tatu tena. Hatujaona, hatujaona. Glory na wenzake wakapanda treni ya Dar wakiwa hawana cha kuandika. Séverine akapanga siku ya mwisho: tarehe thelathini mwezi wa kumi na moja. Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, Manyanda akajaza mkoba unga na chumvi, akafunga kamba kwenye baiskeli, akaondoka peke yake kwenda Ugalla. Alikuwa amekaa wiki nzima anapiga hesabu za upepo na uzito wa mwavuli. Aliniachia funguo za karakana.

"Niombee, dada."

"Nenda salama," nikamjibu. Nikarudi kwenye chai yangu.

Alilala porini siku tisa kwenye mvua ile. Na akaliona! Kwa hesabu tu, bila mtu kumwonyesha, alifika mita mia mbili kutoka kwenye ule mninga. Kichwa alikuwa nacho, siwezi kumnyima. Akaona boksi lake juu, zima, alama zinang'aa. Akapanda. Alikuwa analifungua kamba pale vijana wa warina asali walipofika chini.

Habari ilikuja na mtu wa reli. Mimi na Séverine tukaenda asubuhi iliyofuata. Tulimkuta mbele ya ofisi ya kijiji amekaa chini, mikono imefungwa nyuma tangu jana yake mchana, uso umevimba, jicho moja limeziba. Vidole viwili vya mkono wa kulia, ule wa kuunganishia waya, vilikuwa vimeelekea pembeni. Boksi lilikuwa juu ya meza ya mwenyekiti, limefunikwa khanga kama maiti ya mtoto.

Aliponiona alianza kulia. Kwa furaha. Nawaambieni mjue.

"Huyu hapa! Dada Skola, waambie! Waambie wewe ndiye uliyenipa ile alama!"

Watu walikuwa wengi, na wadogo zangu wote wawili wamesimama mstari wa mbele, kwa mara ya kwanza tangu arobaini hawagombani. Séverine akasema kwa sauti, "Hili boksi ni mali ya kituo. Hajaiba kitu."

"Mama, boksi chukueni," akajibu Celestin taratibu. "Hatuna haja nalo. Sisi tunauliza alama. Alama ya marehemu Lyamba imechorwa hapa mara sita. Aliyechora ni huyu, amekubali. Nani alimpa?" Akanigeukia. "Binti Lyamba, ni wewe?"

Nilikuwa nimejiandaa njiani kwa maneno mengi. Yalinipotea yote, likabaki moja.

"Hapana."

"Dada?" akasema Manyanda.

"Nilimweleza habari za alama, ndiyo. Aliniuliza, nikamweleza kama mgeni. Ya baba aliiona kwenye mzinga nilio nao nyumbani. Akaiiba. Nami niliiona siku ile alipoinua karatasi hapa."

"Dada Skola! Ulichora mezani! Ulichukua kalamu yangu ukachora!"

Nashon akampiga kofi la mdomo. Séverine akapiga kelele, lakini nani atamsikiliza Mzungu kwenye shauri la mirathi. Celestin alikuwa bado ananitazama.

"Lakini binti," akasema, "nilikuuliza tukishushe, ukasema tukiache."

"Uliniambia kuna kitu chenye alama ya baba. Ulitaka niseme kishushwe kabla ya mirathi?"

Mzee akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Kwa sheria zetu jibu lile halina tundu.

Kisha akafanya ambalo sikulitegemea. Akasema mtoto wa kwanza ndiye mwenye neno. Nikisema nimesamehe, kamba zinafunguliwa, kijana anakwenda zake na boksi lake, na hakuna atakayelizungumza tena. Sikuhitaji kukiri chochote. Msamaha wa bure, na mimi ningeonekana mwema. Nikamwangalia Manyanda. Alikuwa ameacha kulia, ananitazama kwa lile jicho moja lililobaki wazi, na mdomo wake unasema kitu bila sauti. Nadhani alikuwa anasema tafadhali.

Nikafikiri, akirudi na boksi leo ni tarehe ishirini na nane. Nitamjazia gesi mpaka nizeeke.

"Mimi sina neno," nikasema. "Mila ya wazee ifuatwe."

Mila ilifuatwa. Viboko ishirini na nne, mbele ya watu, na barua yenye mihuri ya vijiji vitano kwamba mtu huyu akionekana tena kwenye misitu ile, hakuna kitu chochote cha kituo kitakachookotwa wala kuonyeshwa milele. Séverine aliisoma ile barua mara mbili kwenye gari. Manyanda alikuwa amelala kifudifudi kiti cha nyuma, hawezi kukaa.

"Manyanda," akasema Séverine bila kugeuka, "mimi naamini hukuwa na nia mbaya. Lakini bila vijiji hivi hakuna mpango. Siwezi kukuajiri."

Barabara ilikuwa mbovu, na kila shimo lilimtoa mlio mdogo.

Boksi likafunguliwa karakana. Sweta lilikuwa kavu, betri hazikulala hata dakika, na hesabu ya mionzi ilikuwa imeandikwa yote kutoka chini mpaka juu na kurudi. Kazi safi, Séverine alisema hajawahi kuona safi kama ile. Glory na wenzake wakapata shahada zao. Mpango haukufa, ukaendelea. Na kwa kuwa vijiji vilimheshimu mtu mmoja tu wa kituo kile, Séverine akasaini ajira ya mtu huyo mmoja. Mwaka tisini na nane nikaanza kufundisha wahitimu nikiwa na meza yangu na jina langu mlangoni.

Mwezi wa tatu mwaka huo, kwenye saa tano asubuhi, mlinzi akaja akaniambia kuna Msukuma getini na ng'ombe.

Alikuwa mzee Malale. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini urefu ule usingeweza kumpotea mtu. Ametembea siku tano kutoka Kasansa na mtamba mmoja mwekundu, mnene, ambaye hajazaa bado. Aliponiona alivua kofia, akapiga goti. Mzee wa miaka sabini, kwenye kokoto, mbele yangu mimi.

"Mwangaluka, mayu," akasema, akinisalimia Kisukuma kama mama yake.

"Mwangaluka, baba. Inuka, tafadhali."

Hakuinuka. "Nimekuja kwa aibu. Mtoto wangu amemvunjia heshima baba yako kaburini. Kwetu mtu akikosewa na maiti yake ikakosewa, haachwi hivi hivi. Nimeleta huyu mtamba, akufute machozi."

Nikamuuliza Manyanda yuko wapi.

"Yupo nyumbani, anachunga. Mkono ule haushiki kalamu, lakini fimbo unashika." Akaizungushia kamba ya mtamba mkononi. "Alipofika alisema wewe ndiye uliyempa ile alama. Alirudia kila siku, mayu, kila siku, mpaka watu wakaanza kunicheka: mtoto wa Malale ameiba kwa maiti na sasa anamsingizia mfiwa. Nikamfunga kwenye nguzo ya zizi. Mtu mzima, msomi, nikamtandika mbele ya wadogo zake mpaka akasema amedanganya. Tangu hapo hasemi na mimi. Hasemi na mtu yeyote."

Mtamba akavuta kamba kutafuta majani, mzee akamrudisha. Kisha akaniinulia uso.

"Mimi nimekuwa sipati usingizi. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma mtu. Nakuuliza mbele ya Mungu, na nitakuamini. Yale aliyokuwa anasema yalikuwa na ukweli wowote?"

Mlinzi alikuwa amesimama pale pale. Wanafunzi wapya walikuwa dirishani wanashangaa ng'ombe.

"Hapana, baba," nikasema. "Hayakuwa na ukweli."

Mzee akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, mabega yake yakalegea.

"Asante, mayu," akasema. "Nilikuwa naogopa nimempiga mwanangu bure."

Akaninyooshea kamba kwa mikono miwili. Nikaipokea, nikamwonyesha bomba lilipo, anywe maji kabla ya kuanza safari ya kurudi.